Data ya usugu wa dawa isilale maabara

Leo naweka kando habari za seva na lugha za programu, niandike juu ya hospitali. Najua mmoja wenu atauliza: wewe mtunzi wa programu wa Nyeri, bakteria wanakuhusu nini? Wananihusu kwa sababu mbili. Kwanza, siku moja nitalala kwenye kitanda cha wodi, na wewe pia. Pili, nikilitazama tatizo hili la dawa kushindwa na vijidudu hospitalini, sehemu yake kubwa naifahamu kutoka kazini kwangu: kuna data, imekusanywa kwa jasho na kwa pesa, halafu haimfikii anayeihitaji kwa wakati.

Msimamo wangu nautoa mapema, ili asiye na muda aende zake. Hospitali za huku kwetu Mlima Kenya hazihitaji programu mpya ya simu kuhusu usugu wa dawa. Zinahitaji vipimo vya bakteria vifanywe kila siku, majibu yarudi wodini kabla mgonjwa hajazidiwa, na takwimu zibaki mikononi mwetu hata mfadhili akifunga virago.

Haya, twende polepole.

Usugu ni nini, kwa lugha ya kompyuta

Antibiotiki ni dawa inayoua bakteria au kuwazuia wasizaane. Haifanyi kitu kwa virusi, kwa hivyo ukiinywa kwa mafua ya kawaida umepoteza pesa. Alexander Fleming aligundua penisilini mwaka wa 1928, na alipotoa hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka wa 1945 alionya kwamba kipimo kidogo mno cha dawa huwazoesha vijidudu kuistahimili. Yaani onyo lilikuja karibu pamoja na dawa yenyewe.

Fikiria chujio la barua taka. Barua elfu moja zinakuja, chujio linazuia 999, moja inapenya. Mwenye kutuma anaangalia ile iliyopenya, anatengeneza zingine elfu zinazofanana nayo. Chujio lako halijaharibika hata kidogo, ila adui amechujwa mpaka wamebaki wale linaowashindwa. Dawa ikiua bakteria dhaifu na kuwaacha sugu, wanaobaki ndio wanaozaana.

Lakini kuna jambo baya zaidi. Wale mnaokumbuka saiba za zamani mjini mnajua kwamba flashi moja yenye virusi ilitosha kuangusha kompyuta zote za chumba kabla ya saa sita mchana. Bakteria nao wana flashi yao. Inaitwa plasmidi, kipande cha DNA cha duara ambacho bakteria mmoja humpitishia mwenzake, hata kama si wa aina moja. Plasmidi moja inaweza kubeba jeni za kushinda dawa kadhaa kwa pamoja. Ndiyo maana Klebsiella wa wodini hahitaji kugundua mbinu peke yake. Anaipokea tayari imeandikwa, kama sisi tunavyonakili msimbo wa mwenzetu.

Moja ya mbinu hizo ni kimeng'enya kinachovunja seftriaksoni. Kama umewahi kulazwa Kenya, huenda umedungwa seftriaksoni, ile poda ya kwenye kichupa inayochanganywa na maji kabla ya kupitishwa kwenye mshipa. Ni dawa nzuri, haina bei kali, na hutolewa mara moja au mbili kwa siku. Kwa hivyo imekuwa jibu la kila swali. Utafiti uliofanywa katika hospitali 14 za umma nchini Kenya ulikuta karibu nusu ya wagonjwa waliolazwa wakiwa kwenye antibiotiki. Dawa moja ikitumiwa hivyo kila wodi, kila siku, mnajua chujio litaishia wapi.

Ukubwa wa jambo

Makadirio makubwa ya dunia yaliyochapishwa mwaka wa 2022 yalisema kwamba mwaka wa 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu bakteria walikuwa sugu, na vifo milioni 4.95 vilihusishwa na usugu kwa namna fulani. Kwa Kenya makadirio ya mwaka huo yalikuwa vifo 8,500 vya moja kwa moja na 37,300 vinavyohusishwa. Mwaka wa 2025 Shirika la Afya Duniani likaripoti kwamba mwaka wa 2023, kati ya kila maambukizi sita ya bakteria yaliyothibitishwa maabara duniani, moja lilikuwa sugu. Kwa Afrika lilikuwa moja kati ya matano.

Hizo ni namba za mbali, kwa hivyo tusogee karibu. Watafiti wa KEMRI na Wellcome katika hospitali ya Kilifi walifuatilia watoto kuanzia 2002 hadi 2009. Waliangalia watoto walioingia hospitali kwa ugonjwa mwingine, kisha wakaambukizwa bakteria wa damu wakiwa humohumo wodini. Asilimia 53 ya watoto hao walikufa. Waliokuja na bakteria wa damu kutoka nyumbani, waliokufa walikuwa asilimia 24. Ng'ambo ya mpaka, katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2007 ulionyesha kwamba watoto wenye bakteria wa damu wa kundi la akina Klebsiella na E. coli walikufa mara mbili zaidi ya watoto wenye malaria. Sisi sote tumefundishwa kuogopa malaria. Nani alitufundisha kuogopa Klebsiella?

Mnaona nimetaja Kilifi na Dar es Salaam, sikutaja Nyeri wala Meru. Kilifi kuna kituo kikubwa cha utafiti, kwa hivyo Kilifi ina namba. Huku mlimani wagonjwa wapo, vidonda vipo, seftriaksoni ipo, lakini ushahidi uliochapishwa ni haba. Hata yale makadirio ya Kenya yametegemea hesabu za kuziba mapengo. Mtaalamu wa data akiona hivyo anajua maana yake: unaendesha gari usiku kwenye barabara ya Nyeri–Nyahururu, na taa za mbele umekopa kwa jirani.

Siku tatu za bakteria, siku sita zetu

Nitoe mfano mmoja wa karibu. Mama wa rafiki yangu alifanyiwa upasuaji katika hospitali moja ya miji yetu hii (jina naliacha, si nia yangu kumchongea mtu). Siku chache baadaye kidonda kikaanza kutoa usaha. Alikuwa kwenye seftriaksoni tangu siku ya upasuaji, wakaendelea nayo. Usaha ukachukuliwa ukapelekwa maabara ya nje, kwa kuwa ya hospitali ilikuwa imeishiwa vifaa. Majibu yalikuwa tayari siku ya tatu. Yalifika kwa daktari siku ya tisa. Karatasi ilikuwa imekaa kwenye droo. Ilisema Klebsiella, sugu kwa seftriaksoni, na ikataja dawa mbili ambazo zingefanya kazi.

Mama alipona. Alikaa wodini wiki sita, na familia ikauza ng'ombe wawili wa maziwa.

Sasa tuhesabu kama watu wa programu wanaotafuta ni wapi mfumo unachelewa. Kuotesha bakteria kunahitaji muda, hakuna njia ya mkato. Unapaka sampuli kwenye sahani ya agari, unaweka kwenye inkubeta usiku kucha. Wakiota unawatambua, kisha unawapaka kwenye sahani nyingine na kuweka vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa tofauti. Kesho yake unapima kwa rula, kwa milimita, duara lililobaki tupu kuzunguka kila kidonge. Duara kubwa, dawa inafanya kazi. Duara dogo au hakuna, bakteria ni sugu. Hizo ndizo siku mbili tatu za bakteria, na hatuna ugomvi nazo.

Siku sita zilizobaki ni zetu. Hakuna baiolojia ndani yake. Ni droo, ni karatasi, ni mtu aliyekuwa likizo. Kwa siku sita jibu lilikuwepo duniani na mama akaendelea kudungwa dawa isiyomsaidia, huku dawa hiyohiyo ikiendelea kuchuja bakteria wa wodi nzima. Na mgonjwa wa kitanda cha pili anashiriki muuguzi yuleyule, mikono ileile, pengine sinki lileile lisilo na maji.

Programu tunayo tayari

Hapa ndipo naomba wenzangu wa fani wanisikilize. Kila nikitaja jambo hili kwenye mikutano yetu ya watengenezaji programu, kijana mmoja anafungua kompyuta na kuanza kuchora nembo. Jamani, subirini. Programu ya kazi hii ipo tangu mwaka wa 1989. Inaitwa WHONET. Ilianzishwa na Thomas O'Brien na John Stelling wa Boston, Marekani, kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani. Ni ya bure. Inatumika katika nchi zaidi ya 130. Inafanya kazi bila intaneti kwenye kompyuta ya kawaida ya Windows. Faili zake za data sasa ni SQLite, kitu ambacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kukifungua. Ina kisaidizi kinachoitwa BacLink cha kuingiza data kutoka Excel au mashine za maabara. Inajua hata kumhesabu mgonjwa mmoja mara moja tu, asije akaonekana kama wagonjwa watano kwa kuwa alipimwa mara tano.

Sura yake si ya kupendeza, nakubali. Lakini urembo wa skrini haujawahi kumwokoa mtoto wa wodi ya wachanga.

Kinachokosekana ni kile kinachotangulia programu na kile kinachoifuata. Kinachotangulia ni kipimo chenyewe. Uchunguzi wa nchi 14 za Afrika, Kenya ikiwemo, uliotolewa mwaka wa 2022 ulikuta kwamba kati ya maabara takriban 50,000, ni asilimia 1.3 tu zilizokuwa zikifanya vipimo vya bakteria. Usipootesha, hakuna cha kuingiza kwenye WHONET. Kinachofuata ni safari ya jibu kurudi kitandani, na safari ya jumla ya majibu kurudi kwa yule anayeamua dawa ipi inunuliwe mwaka ujao.

Nini kifanyike

Moja: jibu lirudi siku hiyohiyo. Hili si ndoto. Kwa vipimo vya wingi wa virusi vya Ukimwi, Kenya ilijenga mfumo ambamo sampuli zilisafiri kutoka vituo vya mashambani hadi maabara kuu, na majibu yakarudi kwa mtandao. Kwa bakteria inatosha SMS kwa simu ya wodi: nambari ya mgonjwa, "majibu ya kuotesha yako tayari, njoo uyasome". Msiandike jina wala ugonjwa kwenye ujumbe, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Kazi hiyo ni wikendi mbili za mtunzi wa programu mmoja, na ni kazi inayofaa kufanywa.

Mbili: kila hospitali kubwa iwe na antibayogramu yake. Neno ni zito, kitu chenyewe ni chepesi. Ni jedwali la ukurasa mmoja: mistari ni bakteria, safu ni dawa, na ndani ni asilimia ya bakteria wanaokufa kwa dawa hiyo hospitalini humo. Daktari wa zamu saa nane usiku, ambaye hawezi kusubiri siku tatu, anaangalia ukutani na kuchagua dawa yenye nafasi nzuri. Kanuni ya kimataifa inashauri kila mstari uwe na angalau sampuli 30 za bakteria huyo kwa kipindi kinachohesabiwa, la sivyo asilimia inadanganya.

Tatu: miji ya mlima iunganishe jedwali. Tangu 2013 hospitali za umma ziko chini ya kaunti, zikiwemo Nyeri, Kirinyaga, Laikipia, Embu, Meru na Tharaka-Nithi. Sawa kwa bajeti. Lakini mgonjwa anaweza kuanzia Nanyuki, akapelekwa Nyeri, akamalizia Nairobi, na bakteria wake akasafiri naye katika kila ambulensi. Hospitali za misheni kama Mathari, Tumutumu na Chogoria ziko ndani ya mtandao huohuo wa wagonjwa. Hospitali ndogo ikikosa sampuli 30 peke yake, ikijiunga na jirani itazipata.

Nne: kuotesha kuwe kazi ya kawaida, kusingoje mgonjwa ashindwe. Hapa kuna mtego ambao mtu wa data atauona haraka. Ukiwapima tu wale ambao dawa tatu zimewashinda, takwimu zako zitasema kila bakteria ni sugu. Madaktari wataogopa, watarukia meropenemu na dawa nyingine za akiba, na tutazimaliza nazo. Data yenye upendeleo ni hatari kuliko kukosa data, kwa sababu inaaminiwa. Iwe SHA au iwe kaunti, mlipaji ajue kwamba sahani moja ya agari ni nafuu kuliko wiki sita za kitanda.

Nasikia pingamizi

Wauguzi wataniambia: wewe unaongea SQLite, sisi tunataka sabuni. Wana haki. Maji ya bomba, kunawa mikono, kutoa mpira wa mkojo na sindano ya dripu mara visipohitajika tena, kutolaza wachanga wawili kwenye inkubeta moja: hayo yanazuia maambukizi mengi kuliko kompyuta yoyote. Lakini wodi ikitaka sabuni inashindana na kila idara nyingine mbele ya bajeti ya kaunti. Muuguzi akienda na jedwali linaloonyesha kwamba Klebsiella yuleyule mwenye usugu uleule ameonekana kwa wachanga saba ndani ya mwezi mmoja, anayegawa pesa hatamjibu kirahisi. Namba ndiyo itakayoleta sabuni.

Wengine watasema hospitali hazitakubali kuonyesha namba zake, kwa kuogopa magazeti. Hofu hiyo naielewa. Ila wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hospitali inayotangaza kiwango chake cha usugu si chafu kuliko nyingine, ni kwamba imepima. Tuipongeze, tusiivamie.

Na wapo wanaotupa lawama zote kwa mwananchi anayenunua vidonge vinne vya amoksilini kwenye duka la dawa. Kweli, tabia hiyo ni mbaya. Hata hivyo mwananchi huyo hadungi seftriaksoni wodini.

Kwa nini sasa

Kenya haikosi mipango. Mpango wa kwanza wa taifa kuhusu usugu ulitolewa 2017, na wa pili ni wa 2023 hadi 2027. Nyeri haikuwa nyuma: mradi wa MTaPS, uliofadhiliwa na USAID, ulifanya kazi na hospitali za kaunti kadhaa, Nyeri na Murang'a zikiwemo, juu ya kuzuia maambukizi na kutumia antibiotiki vizuri. Watu walifundishwa, kamati zikaundwa.

Kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai 2025 USAID ilikuwa imefungwa. Mwezi huohuo wa Julai, Uingereza ikatangaza kukata pesa za Fleming Fund, mfuko uliokuwa unajenga maabara za usugu Afrika na Asia, hapa Kenya pia. Miaka ya jasho ya wataalamu wetu wa maabara ilitegemea bajeti iliyopigiwa kura na watu wasiojua Karatina iko upande gani wa mlima.

Silaumu aliyetoa. Ninachouliza ni swali la kila mtunzi wa programu baada ya mteja kufunga ofisi: nakala ya data iko wapi? Iko kwenye kompyuta ya nani? Nenosiri analo nani? Kama data ya miaka hiyo iko kwenye laptopu ya mradi uliokwisha, tumeipoteza mara mbili, kwanza kwa kutoitumia, pili kwa kutoihifadhi. Inkubeta ikiharibika itanunuliwa nyingine. Rekodi za miaka mitano za bakteria wa Nyeri hazinunuliki popote.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi mnaotafuta mradi wa mwaka wa mwisho: nendeni maabara ya hospitali iliyo karibu, kwa ruhusa, mkaulize kama WHONET yao inafunguka na kama ina nakala ya akiba. Mkikuta rejista za karatasi, saidieni kuziingiza. Wataalamu wa maabara mnaosoma hapa, niandikieni mnaniambia ni wapi jibu hukwama kwenu. Ningependa kujua kama siku sita ni nyingi au ni kawaida.

Na wewe msomaji wa kawaida, siku ukiwa na mgonjwa aliye kwenye antibiotiki kwa siku tatu bila nafuu, usigombane na mtu. Muulize daktari kwa adabu: sampuli ya kuotesha imechukuliwa? Majibu yatatoka siku gani? Na ni nani atakayeyaleta hapa wodini?